Mtandao wa Upande wa Pili wa Ukuta

Dongju, Visiwa vya Matsu
6 Machi 2018

A-Jui mwanangu,

Nakusalimu kwanza, mengine yafuate. Mimi shangazi yako ni mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri wangu ukungu ukishuka. Sikukuu ya taa imekwisha. Tumeizungusha sanamu ya Bibi Mazu, mungu wetu wa bahari, kijijini kote, na mwaka huu Mzee Lin wa hekaluni hakulewa mpaka siku ya mwisho. Baba yako naye ni mzima. Sijamwona, lakini kila asubuhi namsikia akiupiga unga uliokandwa na samaki mezani kwa ajili ya tambi zake, na ukuta wangu wote unatetemeka. Mgonjwa hapigi hivyo. Kuku wake bado wanalala chini ya dirisha langu. Sitaki kulizungumzia hilo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ile kompyuta yangu mpakato uliyoishughulikia Mwaka Mpya, ukafuta kila kitu ukaniwekea mfumo huria, ule wenye picha ya pengwini, ulisema itakimbia. Ni kweli inakimbia. Inawaka kabla sijamaliza kumimina chai. Tatizo ni kwamba haina pa kwenda. Pale pembeni palipokuwa na alama ya mtandao hapana kitu. Ulipokuwa hapa ilikubali kwa sababu ulikuwa umeichomeka kwenye simu yako kwa waya, na siku ulipoondoka uliondoka na simu na waya wake, tena uliondoka kabla ya siku yako, na mimi sikuuliza.

Unajua mtandao wangu ni ule wa baba yako, unaopenya ukutani. Alinipa neno la siri kabla ya mambo ya kuku. Waya hauwezi kupita. Ukuta ni wa mawe tangu enzi za babu yako na yeye hataki utobolewe, hata upande wangu. Kwa hiyo ni hewani au basi.

Nieleze la kufanya. Tamthilia yangu ya vikaragosi nimeiacha pabaya. Yule mtawa mwenye upanga ametumbukia shimoni na mpaka leo sijui kama amefika chini. Usinipigie simu. Simu ni ya misiba. Nimefanya kazi posta maisha yangu yote na hakuna barua iliyowahi kunishtua moyo.

Shangazi yako,
Tsao Hsiu-lien


Hsinchu
17 Machi 2018

Shangazi, shikamoo.

Nashukuru kusikia u mzima. Pole na goti. Mimi niko salama, kazi zinakwenda, chakula cha kantini ni chakula tu, sina zaidi la kukisifia.

Kuhusu kompyuta, ni mimi niliyesahau kukagua. Chipu ya waifai iliyomo ndani yake haielewani na pengwini. Walioitengeneza hawakutoa kiendeshi chake, yaani programu inayoufundisha mfumo namna ya kukitumia kifaa. Dawa ni adapta ya nje, kidude unachokichomeka ubavuni, nacho kinashika mawimbi badala ya ile ya ndani. Nimekutumia kimoja humu kwenye bahasha. Ni kidogo kama ukucha, usije ukakifagia.

Najua utasema mimi si nafanya kazi kiwanda cha chipu. Kazi yangu ni kupima joto la tanuri, Shangazi. Chipu zenyewe naziona kama mpishi wa jela anavyowaona wafungwa, kwa mbali na zikiwa nyingi. Ila nilimuuliza muuzaji kama kinakubaliana na mfumo huria. Akaniambia, "Hiki kinakubaliana na kila kitu, hata na mama mkwe."

Kuku hawajambo?

Wako mtiifu,
Po-jui


Dongju
14 Aprili 2018

A-Jui,

Barua yako imechelewa kwa sababu ya ukungu. Ndege hazikutua, na meli ilikaa kisiwani Nangan ikipiga honi kama ng'ombe aliyepotea. Qingming, siku ya kufagia makaburi, imepita. Nilipanda makaburini mapema na kuyakuta yameshafagiwa, magugu yameng'olewa mpaka kwenye kaburi la mama yako. Palikuwa na sahani ya tambi za samaki na vikombe vya mvinyo mwekundu, kimoja zaidi ya waliolala pale. Nilidhani amekosea kuhesabu. Kisha nikakumbuka kwamba baba yako hakosei vikombe.

Ukucha wako niliuchomeka. Uliwaka taa ya buluu, nzuri kabisa, nikafurahi nikavaa miwani. Kompyuta ikaniambia imepata diski yenye programu, na programu zile ni za ule mfumo wa zamani uliouondoa. Kwa maneno mengine, kidude hakijui kwamba chenyewe ni adapta. Kinajiona ni diski. Nilikichomoa, nikakaa nacho kidogo mkononi, nikakirudisha. Bado kinajiona diski. Nilimwona mtu wa namna hiyo posta, aliajiriwa kubandika stempu akawa anatembea kama mkuu wa mkoa.

Mtawa bado anaanguka.

Hsiu-lien


Hsinchu
25 Aprili 2018

Shangazi, shikamoo.

Muuzaji anasema kiendeshi kipo, ila lazima kipakuliwe kutoka mtandaoni. Nikamwambia shangazi yangu anataka kidude hiki ili aweze kufika huko mtandaoni. Akasema, "Basi atumie mtandao mwingine kwanza." Nikamuuliza, mtu mwenye mtandao mwingine anakuja kununua nini kwako? Akaniangalia kwa huruma.

Nimenunua kingine. Wenye kutumia pengwini wanakisifu sana kwa jina, na jina lililoandikwa juu ya boksi ni hilohilo. Kikikataa, fungua lile dirisha jeusi, andika amri niliyokuandikia nyuma ya karatasi hii, kisha ninakilie kila kitakachotokea.

Qingming sikuja kwa sababu ya kazi.

Po-jui


Dongju
20 Mei 2018

Mwanangu,

Hatujambo. Kome wameanza kunenepa. Binti wa Mzee Lin amepata mtoto wa kike kule Taoyuan, ana sauti ya babu yake.

Kimekataa. Niliandika amri yako kwenye dirisha jeusi, na maandishi yakaanza kuteremka kama maji ya bomba lililopasuka. Nimeyanakili yote kwa kalamu ya wino, utayakuta humu, karatasi za mbele na za nyuma. Kile kijistari kinachowakawaka mwishoni nimekichora pia, lakini kwenye karatasi hakiwaki, utanisamehe.

Nilipoona mambo yamefika hapo, nikaweka maboksi yote mawili kwenye kikapu nikaenda hekaluni. Mzee Lin aliniuliza ninakwenda kuomba nini. Nikamwambia nataka kumuuliza Bibi Mazu ni adapta ipi inayofaa. Akafikiri sana. Akasema Bibi anawalinda mabaharia, hakuna mahali ilipoandikwa anashughulikia kompyuta.

Nikamwambia, "Hiki kinashika mawimbi. Mawimbi ni ya nani?"

Alikwenda kumuuliza mhasibu wa hekalu, wakateta, akarudi akasema mawimbi ni ya Bibi, kweli, niendelee.

Nikachoma uvumba, nikaweka boksi la kwanza juu ya meza, nikatupa vile vibao viwili vya kumuulizia Bibi. Kimoja kingelala na kingine kuinuka, ingekuwa ndiyo. Vyote viwili vikageuza tumbo juu. Bibi anacheka. Nikaweka boksi la pili. Akacheka tena. Nikauliza kama nitupe yote mawili baharini. Akacheka. Watu wakaanza kukusanyika. Mke wa mwenye duka akasema labda niulize kama kosa ni la kidude au la aliyekinunua. Nikauliza kama kosa ni la aliyekinunua. Hapo Bibi akajibu ndiyo, papo hapo, bila kusitasita, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake ya samaki. Hakupiga makofi. Alisema, si kwangu, alimwambia Mzee Lin, kwamba yule kijana angenunua mashine tu, si anaziamini mashine. Kisha akaenda zake. Nawe usijifanye hujui anachosema. Jamaa zetu wa Taoyuan waliokuja Mwaka Mpya bado wanasimulia ulivyomwambia mezani, mbele yao wote, kwamba siku hizi kuna mashine inayokanda samaki vizuri kuliko mkono wake. Mimi sisimulii. Huwa nasikiliza tu.

Hsiu-lien


Hsinchu
3 Juni 2018

Shangazi, shikamoo.

Karatasi zako nimezisoma zote. Mwandiko wako ni mzuri kuliko habari iliyomo. Nilichogundua ni hiki: jina la juu ya boksi ni mapambo tu. Kampuni huanza kuuza adapta, watu wanaisifu, kisha wanabadilisha chipu ya ndani kimyakimya, wanaacha jina na picha vilevile, na pembeni wanaandika "toleo la pili" kwa herufi za kutafutwa na sisimizi. Chako ni toleo la pili. Waliosifiwa ni ndugu zake waliokufa.

Sasa nimeacha kuwauliza watu. Jumamosi nilipanda treni mpaka Taipei na kompyuta yangu mwenyewe, nimeiwekea pengwini kama ya kwako, nikaingia duka moja la ghorofani, nikakaa sakafuni nikaanza kujaribu adapta moja baada ya nyingine. Mwenye duka mwanzoni aliniletea chai. Baadaye alileta kiti. Baadaye tena aliondoa kiti. Moja ilipata moto ikanuka. Moja ilikuwa si adapta ya mtandao kabisa, ilikuwa ya kipanya, na mwenye duka akasema kwa miaka yote hiyo amekuwa akiiuza kama waifai na hakuna aliyerudi kulalamika.

Niliyokutumia ilikuwa rafu ya chini kabisa, ina vumbi na ina antena mbili kama mende. Ni ya kizamani. Kiendeshi chake kimo ndani ya mfumo tayari, huhitaji kupakua kitu. Niliichomeka na mitandao ya jengo zima ikajipanga mbele yangu. Niliona aibu kidogo kwa jinsi nilivyofurahi. Mwenye duka naye alifurahi, akanifungulia mlango yeye mwenyewe.

Kuhusu hayo mengine uliyoandika, nimeyasoma.

Po-jui


Dongju
19 Juni 2018

A-Jui,

Inafanya kazi. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, unisamehe. Habari za siku nyingi, hatujambo, jana tumekula zongzi, ule wali wa kufungwa majani wa sikukuu ya mashua, mende wako amefika.

Nilimchomeka, nikainua pembe zake, na pale pembeni alama ya mtandao ikatokea kama mtu aliyekuwa nje anavuta sigara tu. Nikabonyeza. Mtandao uliotokea ni mmoja, kwa kuwa upande huu wa kijiji ni sisi wawili tu wenye nyumba. Unakumbuka ule wa baba yako ulikuwa unaitwa kwa herufi na namba za kiwandani. Sasa unaitwa KUKU HAWANA HATIA.

Niliusoma mara kadhaa. Niliandika neno la siri alilonipa zamani. Limekataliwa. Amelibadilisha.

Kwa hiyo, mwanangu, tangu Machi tumehangaika na chipu, viendeshi na miungu, na tatizo lilikuwa mlango wa pili. Mimi siendi kumwomba. Nikimwomba neno la siri, nimekubali banda la kuku. Wewe ndiye uliyemfungia ile ruta ya kurushia mtandao. Mwandikie umuulize.

Hsiu-lien


Hsinchu
30 Juni 2018

Shangazi, shikamoo.

Sikujua kama Baba anaweza kubadilisha jina la mtandao. Mimi mwenyewe niliposahau namna yake mara moja ilinichukua nusu siku. Ina maana alikaa akasoma kile kijitabu cha ruta chote.

Kumwandikia siwezi. Nimejaribu. Nikishaandika "Baba, shikamoo" kalamu inakauka.

Lakini kuna jambo mende anaweza kufanya na zile adapta zilizokataa haziwezi. Anaweza kurusha mtandao wake mwenyewe, wenye jina utakalolitaka, hata kama ndani yake hamna kitu. Nimekuandikia hatua zake nyuma. Simu ya Baba itauona. Jina lina kikomo, kwa maandishi yetu ya Kichina, ambayo herufi moja ni karibu neno zima, ni herufi kumi tu, kwa hiyo usianze na habari za mababu. Halafu ujue, mende hawezi kufanya yote kwa pamoja. Akisema hasikii, na akisikia hasemi. Ukitaka kujua Baba amejibu nini, zima kwanza mtandao wako.

Usimwambie ni mimi niliyekufundisha.

Po-jui


Dongju
24 Julai 2018

Mwanangu A-Jui,

Salamu kutoka kwa watu wengi, utaelewa kwa nini.

Siku ya kwanza nilirusha: KUKU WANANUKA. Nikazima, nikasikiliza. Yeye akaweka: PUA YAKO NDIYO KUBWA. Nikaweka: BANDA LIKO KWANGU. Akaweka: ULIZA MAREHEMU BABA. Tulikwenda hivyo wiki nzima. Nilitarajia ni siri yetu, lakini kila anayepita njia ya chini akiwa na simu anasoma. Mke wa mwenye duka akaanza kuja asubuhi na jioni akijifanya anatafuta paka. Watalii wawili wa Taipei walipiga picha simu zao. Mzee Lin alikuja rasmi, na koti, akasema hekalu halipendelei upande wowote, ila angeshauri tusitaje marehemu mwezi wa mizimu ukikaribia. Nikamwambia amwambie na jirani. Akatoka akasimama katikati ya nyumba zetu, akasema kwa sauti ya kuhutubia, akaenda kwao.

Siku iliyofuata baba yako alihamisha banda. Sikumwomba. Alilivuta mwenyewe mpaka upande wa bahari, kuku wakiwa ndani wanapiga kelele kama abiria. Nikarusha: ASANTE. Sikuwa na la kuongeza, ingawa nafasi ilibaki.

Nikazima ili nisikie. Siku kadhaa jina lake likawa lilelile. Kisha jana asubuhi, wakati ule ambao hupiga unga, sikusikia kupigwa kwa unga. Nikafungua kompyuta. Mtandao wake ulikuwa unaitwa MASHINE HAINA KIGANJA.

Nimelitazama sana. Hilo si langu. Mimi sijawahi kuzungumzia mashine. Anajua ni nani aliyeninunulia mende, anajua ni nani aliyenifundisha, na amejua tangu mwanzo. Nakuletea kama lilivyo. Nimekaa posta miaka yote hiyo, najua barua ikiwa na anwani ya mtu mwingine.

Hsiu-lien


Hsinchu
4 Agosti 2018

Shangazi,

Nirushie hili: SAMAKI WA HUKU HAWALIKI. Nimelipima, linatosha.

Kuna kiwanda huku kinauza tambi za samaki za mashine. Nilizinunua tangu Machi, nikazipika. Sikukwambia. Zilikuwa nyeupe, zimenyooka zote sawasawa, na zilikuwa na ladha ya boksi lake.

Po-jui


Dongju
25 Agosti 2018

Mwanangu A-Jui,

Hatujambo sote, na safari hii nikisema sote nahesabu na upande wa pili.

Nililirusha siku barua yako ilipofika, saa ya chai. Nikachungulia dirishani. Baba yako alitoka na kaptula, simu mkononi, akasimama akiielekeza kwenye ukuta wangu kama mtu anayemulika tochi. Alisimama mpaka jua likahama. Mke wa mwenye duka alipita na paka wake, akasoma, akamvuta paka, akaondoka bila kusema neno, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Niliacha jina lako hewani, nikalala.

Asubuhi nilizima ili nisikilize. Mtandao wake umerudishiwa lile jina la kiwandani, herufi na namba tupu. Nikadhani amekasirika. Nikabonyeza ili nijaribu tu, na kompyuta haikuniuliza neno la siri. Imeingia moja kwa moja. Ameliondoa kabisa, na hajui kuliweka jipya. Kijitabu amekipoteza, au anasema amekipoteza.

Tatizo ni kwamba kijiji chote kimegundua. Mzee Lin yuko ngazini kwangu na simu yake, mhasibu wa hekalu yuko nyuma yake, wavulana wa kambi ya jeshi wanakaa juu ya ukuta wakining'iniza miguu. Wote wameingia, na kwa kuwa wameingia wote hakuna anayeweza kufungua chochote. Mtawa wangu ametokea kwenye skrini, amekwama hewani, nusu ya uso wake imebaki miraba.

Jana nilitoka nikamwambia baba yako afanye kitu. Yalikuwa maneno yetu ya kwanza ya mdomo tangu mambo ya kuku. Alikuwa anakanda, hakuinua kichwa.

Akasema, "Neno la siri ataliweka aliyeifunga ruta."

Nikamwambia aliyeifunga yuko Hsinchu.

"Meli zipo," akasema, akaendelea kupiga unga.

Hsiu-lien